Stesheni ya Maktau na Majina Saba

Hotuba ya mwalimu mstaafu katika mkutano mkuu wa wanachama, tawi la Mombasa

Katibu aliniomba nizungumze kwa dakika ishirini kuhusu stesheni yetu, kwa kuwa mchango wa mwaka huu unahusu jengo lile. Akanisihi nisizidishe. Wanafunzi wangu wa zamani waliomo humu wanaijua thamani ya ahadi yangu ya dakika ishirini, lakini nitajaribu.

Mwezi uliopita nilikwenda kuliangalia jengo pamoja na fundi na vijana wawili wa kamati. Tukiwa tumesimama juu ya mataruma, mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyejenga stesheni hapa porini alikuwa na akili timamu?" Sikumkemea. Ukisimama pale leo unaona miiba, vumbi jekundu na kinyesi cha ndovu katikati ya reli. Katani iko Mwatate na iko Taveta. Misheni iko Bura. Soko kubwa liko Voi. Aliyeamua kusimamisha gari la moshi Maktau alikuwa anafuata nini?

Alikuwa anafuata vita. Stesheni ile haikujengwa kwa ajili ya babu zetu, wala kwa ajili ya mahindi yao au ng'ombe wao. Ilijengwa kwa ajili ya kambi ya jeshi.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa Ulaya. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo miaka mingi, nawaomba radhi. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi wakaichukua Taveta. Wakajenga ngome kwenye kilima cha Salaita, wakaweka watu Mbuyuni. Usiku vikosi vyao vidogo vilikata nyika kwa miguu hadi kwenye reli ya Mombasa na Nairobi, vikatega baruti, vikarudi. Waingereza waliona kwamba wasipowaondoa Taveta, reli yao kubwa haitapona.

Shida ni kwamba kati ya Bura na Taveta hapana maji. Wanaotoka kule hawahitaji kuelezwa. Jeshi haliwezi kuvuka nyika ile likibeba maji mgongoni, na farasi, nyumbu na ng'ombe waliotumwa kuvuta mizigo waliuawa na mbung'o. Basi wakaamua kujenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea magharibi. Ikapita Mwatate, ikapita Bura, na kufikia katikati ya mwaka 1915 ncha ya reli ilikuwa Maktau.

Hapo ikakwama. Tarehe 14 Julai 1915 jeshi lilitoka Maktau kwenda kuwashambulia Wajerumani Mbuyuni, likashindwa, likarudi lilikotoka. Reli haikusonga tena hadi Januari 1916, Mbuyuni ilipochukuliwa. Kwa hiyo kwa miezi ile Maktau ndipo palikuwa mwisho wa njia. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kifurushi cha majani ya farasi kilishushwa pale. Palikuwa na mahema, mahandaki, ngome za udongo na mawe, na kiwanja cha ndege. Ndiyo, ndege! Katika mwaka 1915, wakati babu zetu wengi hawajaona hata baiskeli, ndege za vita zilikuwa zinaruka kutoka Maktau kwenda kuchungulia Salaita. Palikuwa na Waingereza, Warodesia, Wahindi wa majimbo mbalimbali, askari wa KAR, na baadaye Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini walipita hapo wakienda Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 walipigwa vibaya. Ni mwezi uliofuata tu, Machi 1916, ndipo Taveta iliporudi mikononi mwa Waingereza na reli ikaendelea mpaka Kahe, ikaungana na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi.

Nataka tukae kidogo na habari ya maji. Kambi ile ilikunywa maji ya vilima vyetu. Jeshi lilitandika bomba kutoka Bura, likashusha maji hadi Maktau. Hawakuwa na simu za mkononi, hawakuwa na malori ya maana, walikuwa wanapigwa risasi, na bado maji yalifika. Mama mmoja wa Maktau, yuko humu ndani, aliniambia nikiwa kule kwamba mtungi wa lita ishirini anaununua kwa bodaboda, na kiangazi kikikaza bei hupanda mara mbili. Nilimweleza habari ya bomba la 1915. Alicheka, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo tungekuwa askari tungepata?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia nitaleta swali lake Mombasa. Nimelileta.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Wageni wanaokuja kule siku hizi kutazama mahandaki husimuliwa mambo mawili. La kwanza ni mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwadungua askari wa Waingereza mmoja mmoja. Hadithi hii naisikia tangu utotoni, na kila mara idadi ya aliowaua huongezeka. Siiweki kwenye historia. La pili ni la kweli kabisa. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alijeruhiwa mguu katika mapigano. Wenzake walikuwa wanambeba kuondoka. Alipoona adui yuko hatua chache tu na kwamba kuna majeruhi wengine wasioweza kubebwa, alisisitiza aachwe, akitumaini kuwaokoa. Akauawa pale. Alipewa Msalaba wa Viktoria, nishani kubwa kuliko zote za Waingereza, na kaburi lake liko Voi. Huyo ni shujaa na mimi sina ugomvi naye. Maktau penyewe kuna makaburi ya askari wa Kihindi, yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita, na vijana wetu wamewahi kupata vibarua vya kufyeka nyasi pale. Hilo nalo ni jema.

Lakini nani alibeba? Ncha ya reli ilipofika Maktau, mzigo ulitoka kwenye behewa ukaingia kichwani mwa mtu. Mwaka 1915 serikali ilitunga sheria ya kuwalazimisha Waafrika kulifuata jeshi kama wapagazi, na mwaka 1917 John Ainsworth akapewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi kupita awali, wilaya kwa wilaya. Hao ndio waliozaa jina la Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa, katika nchi za mbali walizopelekwa baada ya hapa kwetu. Hesabu rasmi peke yake inapita 40,000, na wanahistoria wanasema hesabu hiyo ni ndogo. Mkitoka hapa jioni, mkipita barabara ya Jomo Kenyatta, mtaiona sanamu ya kuwakumbuka. Ni sanamu nzuri. Zunguka pande zote, hutaona jina hata moja. Ndivyo ilivyo Nairobi na Dar es Salaam pia. Mwaka 2021 tume yenyewe ya makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kama wenzao, na kwamba lilikuwa kosa.

Vita haikuwagusa wabebaji pekee. Ndugu zetu wa Kasigau mwaka 1915 walituhumiwa kuwaonyesha Wajerumani njia, wakahamishwa kijiji kizima kizima hadi Malindi, na wengi wakafa kwa maradhi wakiwa huko. Habari hiyo inahitaji hotuba yake, na kuna mtu wa Kasigau humu anayeijua kuliko mimi, namwomba Katibu ampe nafasi mwakani.

Mimi nitasema ya nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa. Alirudi. Hakusema mengi, isipokuwa hakuwahi tena kula unga uliopikwa bila kuiva vizuri, na tulipokuwa watoto tulimwona akiurudisha ugali jikoni mara mbili, mara tatu, bibi akinung'unika. Alisema unga mbichi ndio uliowaua. Bibi ndiye aliyekuwa na kumbukumbu. Jioni, tukipukuchua mahindi, alizoea kupanga punje kumi na moja juu ya ungo, moja baada ya nyingine, na kila punje aliipa jina. Hao walikuwa wanaume wa kilima chetu waliokwenda na babu na hawakurudi. Alizitaja kwa mpangilio uleule kila mara. Kisha alizikusanya akazitupa kwenye chungu pamoja na nyingine, tukaendelea na kazi.

Mimi wakati huo nilikuwa najua kusoma na kuandika. Nilikuwa nimeshapewa kalamu na daftari na serikali. Nilikariri majina ya wafalme wa Uingereza kwa ajili ya mtihani nikapita. Majina yale kumi na moja sikuyaandika. Nilidhani bibi atakuwepo. Alipofariki, nilikuwa chuo cha ualimu, na nilipokaa chini siku ya tatu ya matanga kujaribu kuyakumbuka, nilipata manne. Mpaka leo ninayo manne. Saba yamepotea, na aliyeyapoteza ni mimi, si Mwingereza.

Nirudi stesheni, nisije nikaonekana naomboleza tu.

Vita vikaisha, kambi ikavunjwa, mahema yakaenda. Kwa hesabu ya jeshi Maktau haikuwa na kazi tena. Ila reli ilibaki, na watu wetu, kama kawaida yao, wakaigeuza. Kahawa ya Kilimanjaro ikapata njia ya kuja Mombasa, katani ikasafirishwa, na sisi tukapata usafiri. Wenye umri wangu mnakumbuka. Hapakuwa na jukwaa la maana, ngazi ya behewa ilikuwa juu, na bibi mnene alipandishwa kwa kusukumwa na vijana wawili nyuma na kuvutwa na mmoja mbele, huku yeye akiwatukana wote watatu. Mama zetu waliuza ndizi za kutoka vilimani, mayai ya kuchemsha, maziwa kwenye vibuyu. Gari likichelewa, na lilichelewa, watu walilala pale, na ndoa kadhaa za humu ndani, sitawataja, zilianzia kwenye kuchelewa huko. Barua zilikuja na gari. Mishahara ya waliokuwa wakifanya kazi bandarini hapa Mombasa ilikuja na gari. Nilipokwenda shule ya bweni mara ya kwanza nilipanda pale, na mama alinikimbilia gari likiwa limeshaanza kuondoka ili anipe kikoi nilichokisahau. Kikoi kilifika, kiatu chake kimoja kikabaki relini.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983, na njia ya kwenda Kahe ikafa. Reli isiyokwenda ng'ambo ikawa mkia tu. Malori yakachukua mizigo, matatu yakachukua abiria, na gari likawa linakuja mara chache, kisha mara chache zaidi. Hakuna siku iliyotangazwa kuwa ya mwisho. Watu walikwenda kungoja, wakachoka kungoja. Siku hizi lami imefika, Mwatate hadi Taveta ni mteremko mtupu, na sina haja ya kulia juu ya gari la moshi lililokuwa likitumia siku nzima kwa safari ambayo leo ni ya saa moja na nusu.

Ninacholia juu yake ni jengo. Mabati yanang'olewa. Fremu za madirisha zimekwenda. Kuna watu wanaong'oa vyuma vya reli usiku na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na tusijifanye hatuwajui, baadhi ni vijana wetu. Kuna wengine wameanza kupima viwanja kando ya reli kwa hatua za miguu. Kamati imependekeza, na mchoro mnao kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, kwamba tulikarabati jengo liwe na chumba cha wanafunzi kusomea jioni, chumba cha kumbukumbu, na matangi ya kuvuna maji ya paa. Naunga mkono. Nina mambo matatu ya kuwaambia wanakamati, na nimeshawaambia faraghani kwa hiyo wasinune.

Kwanza, ardhi ya reli ni ya shirika la reli. Si yetu. Tusinunue hata mfuko mmoja wa saruji kabla ya kupata barua ya ruhusa yenye mhuri. Nimeona michango mizuri ikiishia mahakamani kwa sababu watu walitanguliza fundi wakaacha karatasi. Barua ya maombi imeshaandikwa, na wakili wetu kijana, amejitolea bila malipo, ataifuatilia.

Pili, matangi yaje kabla ya rangi. Mchoro una rangi nzuri na bustani ya maua mbele. Maua ya nini mahali ambapo mama ananunua maji? Na ndovu watayala. Paa la stesheni ni kubwa. Lishikwe mifereji, maji yaingie kwenye matangi, yatumiwe na shule na majirani. Huyo mama aliyeniuliza kama angekuwa askari angepata maji, nataka mwakani asimame hapa atujibu mwenyewe.

Tatu, chumba cha kumbukumbu. Kwenye mchoro ukuta mmoja umewekewa picha ya Jenerali Smuts, mwingine habari za Dartnell, wa tatu ramani ya vita, na wa nne umeachwa kwa mlango. Sikatai. Wageni watakuja kwa ajili ya hao na watalipa kiingilio. Lakini ukuta mmoja, ule mrefu unaotazama Bura, naomba upewe majina ya watu wetu. Majina tu: jina la mtu, jina la baba yake, na kilima alichotoka. Tusingoje serikali ya hapa wala ya Uingereza ituletee orodha. Orodha kamili haipo popote isipokuwa vichwani mwa wazee wenye miaka themanini na tisini waliosikia kutoka kwa mama zao. Mwaka jana tulizika watatu wa umri huo. Kila mmoja alikwenda na chake.

Gharama ya kazi hii ni ndogo kuliko zote zilizoorodheshwa. Ni nauli ya vijana wawili kupanda vilima, Mwatate, Bura, Mwanda, Wundanyi hadi chini Taveta, wakae na wazee, waandike. Simu zao zina kinasa sauti. Wasipoteze muda kuuliza tarehe. Waulize nani alikwenda na nani hakurudi. Wakiambiwa jina moja na watu wawili wa familia tofauti, walitie alama. Na kabla jina halijapanda ukutani, familia iulizwe. Ndiyo sababu yale manne niliyobaki nayo sitayasoma mbele yenu leo. Wajukuu wa wawili kati yao wapo humu, na sijapata nafasi ya kuzungumza nao.

Nimeyaandika, safari hii. Yako kwenye daftari jekundu lililo kwenye meza ya mweka hazina, ukurasa wa kwanza, mistari minne, na chini yake nimeacha mistari saba mitupu. Kuna mtu humu ambaye bibi yake alipukuchua mahindi na bibi yangu. Inawezekana kabisa alikuwa amekaa upande wa pili wa ungo. Ukija kutoa mchango wako, usiondoke kabla hujafungua daftari hilo. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu nawajua.

Katibu ananionyesha saa. Chakula kiko tayari, wanasema, lakini meza ya mweka hazina iko upande wa kushoto wa mlango, na foleni ya pilau inapita hapo hapo.